Tumebadilisha ruta, na NAS yenye kazi zangu zote haionekani tena

Mshauri mpendwa, assalaam aleikum.

Ninaishi Tudor, hapa Mombasa, na riziki yangu ni kupiga picha na video za harusi, hasa zile hafla za kina mama peke yao kama vile usiku wa hina na kupamba. Kaka yangu, ambaye ni baharia, alinifungia nyumbani NAS (kisanduku cha kuhifadhi faili ambacho vifaa vyote vya nyumbani hukifikia kupitia mtandao) yenye diski mbili, na tangu hapo kila kazi yangu huishia humo. Video za maharusi zimo, picha za familia zimo, na pia zimo kaseti za marehemu baba akisoma Qurani, ambazo tulizigeuza kuwa faili za kompyuta.

Mwezi uliopita tuliacha kampuni moja ya intaneti tukajiunga na nyingine inayotumia mkonga. Mafundi wao walikuja, wakaweka ruta yao, wakachomoa nyaya zote kutoka ruta ya zamani na kuzichomeka kwenye mpya, kisha wakaondoka. Simu zote zinapata intaneti, na kwa kweli ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Lakini kwenye kompyuta ninayotumia kuhariri, hifadhi iliyokuwa ikionekana kwa herufi Z sasa ina alama nyekundu ya X na nikiibonyeza naambiwa haipatikani. Runinga ya sebuleni nayo haioni tena katuni za watoto zilizokuwa zikitoka humo. Taa za NAS zinawaka kijani kama kawaida, na diski nazisikia zikizunguka.

Kaka alibandika karatasi juu ya kisanduku, imeandikwa 192.168.1.50, na jina la mtumiaji pamoja na nywila ninavyo katika daftari. Nimeiandika namba hiyo kwenye kivinjari, lakini ukurasa unazunguka tu hadi unakata tamaa. Chini ya ruta mpya nimeona imeandikwa 192.168.100.1. Ruta ya zamani bado ninayo, ingawa kampuni ile imesema itatuma mtu aje kuichukua.

Nilimwita fundi mmoja wa kompyuta akaniambia kuwa diski zimekufa, na kwamba azichukue, azichomeke kwenye kompyuta yake, kisha azifomati ili kisanduku kifanye kazi upya. Fundi wa kampuni ya intaneti kwa upande wake amesema kwenye simu kwamba anaweza kuifungua NAS upande wa nje ili niifikie kutoka popote, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa kumbini. Kaka yuko baharini na ujumbe wangu haujamfikia. Nina maharusi wawili wanaosubiri video zao. Naomba uniongoze kabla sijafanya jambo la kujutia.

Mpiga picha, Tudor

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Jambo la kwanza, na nakuomba ulishike kabla ya mengine yote: usimpe mtu yeyote diski hizo. Hakuna lolote katika maelezo yako linaloonyesha kwamba zimekufa. Zilikuwa zikifanya kazi hadi siku ruta ilipobadilishwa, zinazunguka, na taa zake ni za kijani. Ruta haina njia ya kuharibu kilichoandikwa ndani ya diski, kwa kuwa kazi yake ni kupitisha mawasiliano tu. NAS nyingi za nyumbani hutumia Linux ndani yake, na huandika faili kwa mifumo ya ext4 au Btrfs ambayo Windows haiisomi bila programu ya ziada. Fundi akizitoa diski na kuzichomeka kwenye kompyuta ya Windows, kompyuta haitaona faili hata moja na huenda ikamwuliza kama anataka kuifomati diski hiyo. Akikubali, hapo ndipo zile kaseti za baba zitakapopotea kwelikweli, tena kwa mkono wa mtu aliyekuja kusaidia. Ndiyo maana nimeanza na onyo hili badala ya maelezo.

Sasa tutazame kilichotokea, kwa sababu karatasi ya kaka yako na maandishi yaliyo chini ya ruta vinatosha kulieleza tatizo zima. Kila kifaa katika mtandao wa nyumbani kina anwani ya IP. Katika nyumba nyingi namba tatu za mwanzo ni kama jina la mtaa na namba ya mwisho ni kama namba ya nyumba. Ruta yako ya zamani, kwa dalili zote, iliuita mtaa wake 192.168.1, na kaka yako akaipa NAS nyumba namba 50 katika mtaa huo, kwa anwani ya kudumu aliyoiandika ndani ya mipangilio ya NAS yenyewe ili isibadilike kila umeme unaporudi. Alifanya hivyo kwa busara. Ruta mpya, hata hivyo, inaendesha mtaa wa 192.168.100. Kompyuta, simu na runinga, ambavyo huomba anwani kutoka kwa ruta, vimehamia mtaa mpya bila wewe kujua, ilhali NAS iliyoambiwa isibadilishe anwani imebaki kule kule. Kompyuta inapoitafuta 192.168.1.50 inaona kuwa hiyo si ya mtaa wake, inaipelekea ruta ombi hilo, na ruta haijui mtaa huo uko wapi, kwa hiyo inalisukuma nje kuelekea kwenye intaneti. Huko halifiki popote, kwa kuwa anwani zote zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, na hazisafirishwi kwenye intaneti.

Kwa hiyo kazi tuliyo nayo ni ya kubadilisha anwani, na una bahati kubwa kwamba ruta ya zamani haijachukuliwa. Kampuni ile ikipiga simu leo, iombe ingoje siku chache.

Iwashe ruta hiyo ya zamani peke yake, bila kuiunganisha na intaneti wala na ruta mpya. Chomoa waya wa NAS kutoka ruta mpya na uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yaani ya vifaa vya nyumbani, ya ile ya zamani, kisha uiunganishe kompyuta yako hapo hapo kwa waya mwingine, na Wi-Fi ya kompyuta uizime ili isiendelee kushikamana na ruta mpya. Subiri dakika chache. Mradi ruta hiyo haijafutwa mipangilio yake, kompyuta itapewa anwani ya mtaa wa zamani na hifadhi ya Z itafunguka kama ilivyokuwa, hata kama nyumba nzima haina intaneti. Wengi hawalijui hili: mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili. Mwezi Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, mtu mwenye NAS nyumbani aliendelea kufungua faili zake kwa kasi ile ile, maana hazikuwa zikipita baharini.

Z ikishafunguka, usikimbilie kurekebisha chochote. Nakili kwanza kazi za wale maharusi wawili na zile rekodi za baba kwenye diski ya nje ya USB. Hata hatua zinazofuata zikikusumbua, wateja wako watapata video zao na wewe utalala usingizi.

Baada ya hapo, ukiwa bado kwenye ruta ya zamani, andika 192.168.1.50 katika kivinjari, na ikiwa ukurasa haufunguki jaribu 192.168.1.50:5000 kama NAS ni ya Synology, au 192.168.1.50:8080 kama ni ya QNAP. Ingia kwa jina na nywila zilizo katika daftari lako. Tafuta sehemu ya mipangilio ya mtandao, ambamo utaikuta anwani aliyoiandika kaka yako pamoja na anwani ya lango, yaani ya ruta, ambayo bila shaka nayo ni ya mtaa wa zamani. Piga picha ya ukurasa huo kwa simu. Kisha badilisha kutoka anwani ya kudumu kwenda DHCP, maana yake NAS iwe inaomba anwani kwa ruta kama vifaa vingine, na uhifadhi. Ukurasa unaweza kuganda papo hapo na kukuambia kuwa mawasiliano yamekatika. Usishtuke wala usizime umeme, kwa kuwa NAS imehama nyumba na kivinjari chako bado kinabisha mlango wa zamani. Ipe dakika mbili, kisha uizime kwa utaratibu kwa kutumia kitufe chake cha kuzimia, urudishe waya wake kwenye ruta mpya, na uiwashe tena.

Rudisha na kompyuta kwenye ruta mpya, kisha fungua 192.168.100.1 kwa kivinjari. Jina na nywila ya kuingilia mara nyingi vimeandikwa chini ya kisanduku, na kama havipo waulize kampuni, kwani ni haki yako kuuliza. Humo kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na NAS itakuwemo kwa jina lake, ikiwa na anwani mpya, tuseme 192.168.100.14. Usiishie hapo. Tafuta mahali pa kuitengea NAS anwani hiyo ili ruta iwe inaipa hiyo hiyo kila siku, ikiitambua kwa namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ambayo haibadiliki. Napendelea njia hii kuliko kuandika anwani ya kudumu ndani ya NAS, kwa sababu siku utakapobadilisha ruta tena, NAS itaomba anwani mpya yenyewe na hutapatwa na shida hii mara ya pili. Zipo nyumba ambamo watu huibadilisha ruta mpya ifuate mtaa wa zamani, na njia hiyo hufanya kazi, lakini ruta nyingi za makampuni hudhibitiwa kutoka mbali, na mipangilio uliyoigusa inaweza kufutwa siku wanapoisasisha.

Kilichobaki ni herufi Z, ambayo bado inakumbuka namba ya zamani. Iondoe, kisha uiunganishe upya ukitumia jina la NAS badala ya namba, kwa mfano \\NAS-NYUMBANI\harusi, ukiweka jina halisi la kisanduku chako na la folda yako. Kompyuta itakuuliza jina la mtumiaji na nywila, na hapa watu wengi hukwama kwa kuandika nywila ya Wi-Fi au ya kompyuta yao. Inayotakiwa ni ile ya NAS. Runinga yenyewe huenda isihitaji lolote zaidi ya kuzimwa na kuwashwa, kwa kuwa huitafuta NAS yenyewe ikiwa viko kwenye mtandao mmoja.

Ikiwa barua hii itakufikia ruta ya zamani imeshachukuliwa, kompyuta yenyewe inaweza kurudishwa mtaa wa zamani kwa muda. Iunganishe kwa waya na ruta mpya, uzime Wi-Fi yake, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, uandike ncpa.cpl na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Fungua sifa za muunganisho wa waya, uchague IPv4, na uandike anwani 192.168.1.20 na kinyago cha mtandao (Subnet mask) 255.255.255.0, ukiacha lango (Default gateway) wazi. Kwa kuwa kompyuta na NAS ziko kwenye matundu ya kisanduku kimoja na sasa zinazungumza mtaa mmoja, zitaonana bila kuihitaji ruta iwaonyeshe njia. Intaneti ya kompyuta hiyo itakatika kwa wakati huo, jambo la kawaida. Ukishaibadilisha NAS iwe DHCP, rudisha kompyuta ijipatie anwani yenyewe.

Kitufe kidogo cha kurejesha mipangilio kilicho nyuma ya NAS nakusihi ukiache. Kwenye vifaa vya Synology, kwa mfano, kukishikilia kwa sekunde 4 hadi kilie mara moja hurudisha mipangilio ya mtandao na nywila ya msimamizi bila kugusa faili, lakini kukibonyeza tena kwa namna fulani mara baada ya hapo huanzisha usakinishaji mpya wa mfumo, na vifaa vya kampuni nyingine vina taratibu zao tofauti. Mtu mwenye wasiwasi na haraka si mtu wa kuhesabu milio.

Kama baada ya haya yote NAS haimo katika orodha ya ruta, angalia kwanza kama taa ya tundu ulilochomeka waya inawaka, na ujaribu tundu jingine, kwani baadhi ya ruta za mkonga zina tundu lililotengwa kwa ajili ya simu au runinga ya kampuni. Angalia pia kama mafundi wameacha visanduku viwili, kimoja cha mkonga na kingine cha Wi-Fi, maana NAS ikichomekwa kwenye kimoja na kompyuta ikawa kwenye kingine zinaweza kuwa tena katika mitaa miwili. Na uhakikishe kompyuta haijashika Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa makusudi huwazuia waliomo wasione vifaa vya nyumbani.

Kwa kazi yako ya video kuna jambo jingine ambalo huenda ukaliona baada ya siku chache. Baadhi ya ruta za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 kwa sekunde, ilhali NAS nyingi zina tundu la gigabiti 1. Kwa tundu la kwanza, kunakili gigabaiti 100 za harusi moja huchukua zaidi ya saa mbili, na kwa la pili ni takriban robo saa. Ukiona kasi imeshuka, nunua swichi ndogo ya gigabiti, yaani kisanduku cha kuongeza matundu ya waya wa mtandao, uchomeke humo NAS na kompyuta yako, kisha upeleke waya mmoja tu kutoka swichi hadi ruta.

Na sasa lile pendekezo la kuifungua NAS upande wa nje. Nakuomba ukatae. Mwezi Juni 2021 wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital vilivyokuwa wazi kwenye intaneti walikuta faili zao zimefutwa kutoka mbali, na mwezi Januari 2022 NAS za QNAP zilizokuwa wazi zilivamiwa na programu ya DeadBolt iliyofunga faili za watu na kudai fedha. Kwako wewe hatari haiishii kwenye kupoteza kazi. Humo mna wanawake waliokuruhusu uwapige picha bila buibui kwa sharti kwamba hakuna jicho la nje litakalowaona, na picha moja ikitoka haitarudi, wala jina lako katika mji huu halitarudi. Hiyo ni amana, na amana haiwekwi nyuma ya mlango ambao mtu asiyemjua hata bibi harusi mmoja ameufungua kwa simu.

Isitoshe, huenda ufunguzi huo usifanye kazi kabisa. Makampuni mengi ya intaneti siku hizi huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na ukiona kwenye ukurasa wa ruta kwamba anwani yake ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, basi wewe ni mmoja wao na hakuna mlango wa kukufikia moja kwa moja. Njia iliyo salama ya kufikia faili zako ukiwa ukumbini ni VPN yako mwenyewe, yaani njia ya siri kati ya vifaa vyako tu, kama vile Tailscale, ambayo hufanya kazi hata nyuma ya mpango huo wa anwani ya pamoja na haikulazimu kufungua chochote kwenye ruta. NAS nyingi za miaka ya karibuni zinaikubali. Subiri kaka yako arudi au apatikane, muifunge pamoja, na hadi wakati huo beba unachohitaji kwenye diski ndogo.

Diski mbili ndani ya NAS, ambazo nadhani kaka yako alizipanga zifanane, zinakulinda diski moja inapokufa, lakini hazikulindi faili inapofutwa, umeme unapopiga kisanduku kizima, au mwizi anapokibeba. Ile diski ya USB uliyonakilia maharusi wawili, hakikisha ina nafasi ya kuchukua kila kitu, isasishe kila harusi inapokamilika, na uiweke nyumba nyingine, kwa mama au kwa dada, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Kabla ya kuirudisha ruta ya zamani, ifute kwa kitufe chake cha kurejesha mipangilio, maana nywila ya Wi-Fi yako bado imo. Na ikiwa hatua yoyote itagoma, niandikie ukinakili neno kwa neno ujumbe ulioonekana kwenye skrini, pamoja na aina ya NAS iliyoandikwa nyuma yake, ambayo hukuitaja katika barua yako.